Nywele kutimka Kampala na Entebbe: ni gliserini, ni sabuni, au tunazikausha vibaya?

#1 BintiEntebbe
Habari wadau. Nina hoja, naomba mnipinge kwa vitu vinavyoeleweka.

Kila anayeuliza mbona nywele zake zinatimka huambiwa "ni kavu, ongeza unyevu". Anakwenda Kikuubo, ananunua liv-in (kondishena ya kuacha kichwani) yenye gliserini tele, anapaka asubuhi, na ikifika saa saba mchana kichwa kimekuwa matimutimu kuliko jana yake. Nasema hivi: kwa tunaokaa ukanda wa ziwa, Entebbe, Kampala, Mukono mpaka Jinja, gliserini ikiwa juu kwenye orodha ya viambato ndiyo chanzo. Gliserini huvuta maji, na hewa ya huku ina maji mengi, hasa Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Unywele unayavuta yale maji, unavimba, magamba yake madogo ya nje yananyanyuka, vijikamba vilivyokuwa vimeshikana vinaachana na kila unywele unashika njia yake.

Kabla ya kulipa, geuza chupa usome viambato. Vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Gliserini ikiwa ndani ya vitano vya kwanza, iache msimu wa mvua upite. Ikiwa imeandikwa baada ya fenoksiethanoli, haina neno, kwa sababu hicho ni kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1, na vinavyokifuata huwa vidogo vilevile.

#2 MsusiWandegeya
Dada Binti, nusu ya hoja naikubali. Nusu iliyobaki haimo kwenye chupa, imo mikononi.

Watu wanapaka bidhaa nzuri juu ya nywele zilizokwisha kukauka nusu, halafu wanazishikashika. Utaratibu ni huu. Osha, tia kondishena, chana kwa chanuo la meno mapana kondishena ikiwa bado kichwani, kuanzia nchani ukipanda kuelekea shinani. Suuza. Usisugue kwa taulo. Gawa kichwa mafungu sita mpaka manane, na kila fungu liwe linachuruzika maji wakati wa kupaka. Likiwa limeanza kukauka, linyunyizie tena. Liv-in kijiko kimoja cha chai kwa fungu, jeli viwili, ukishusha vidole toka shina hadi ncha mpaka uone nywele zinajikusanya vijikamba. Hapo toa mkono. Draya ya kukalia, moto wa kati, dakika 40 hadi saa nzima. Bonyeza shinani: ukisikia ubaridi kwenye kidole, bado hazijakauka. Zikikauka zitakuwa ngumu kwa ajili ya jeli, na ugumu huo ndio tunaoutaka. Tia matone mawili matatu ya mafuta viganjani, uvifinye vijikamba mpaka vilainike.

Kazi huharibika pale mteja anapozichambua zikiwa kavu kwa nje na mbichi kwa ndani. Hata uwe na bidhaa ya bei gani, zitatimka kabla hajafika stendi ya teksi.

#3 MkemiaKira
#1 na #2 mnazungumzia jambo moja mkiwa pande mbili. Ndani ya unywele protini zimeshikana kwa bondi za aina kadhaa. Zile za haidrojeni huachia zikipata maji na kushikana upya maji yakitoka. Umbo lolote ambalo unywele unalo dakika ile ya kukauka ndilo utakaloshika, mpaka upate maji tena. Ni kama shati lililopigwa pasi kisha likaanikwa kwenye umande.

Kwa hiyo Msusi yuko sahihi kwamba ukizivuruga wakati bondi zinashikana, utakuwa umezikaushia vurugu lenyewe. Na Binti yuko sahihi kwamba hewa ya Entebbe inazifungua tena bila wewe kugusa chochote.

Ninachompinga Binti ni kusema gliserini ndiyo chanzo. Unywele wenyewe huvuta maji ya hewani hata usipopakwa kitu. Gliserini inaongeza kasi, ila haianzishi. Wapo wenye nywele zilizofunga magamba vizuri wanaoitumia huku ziwani bila shida yoyote.

#4 BintiEntebbe
@MkemiaKira sawa, lakini wenye nywele hizo ni wangapi miongoni mwa wanaouliza? Anayeuliza ameshachanika magamba kwa dawa ya kunyoosha, pasi na rangi. Kwake kasi hiyo ndiyo yote.

#5 LangoAsili
Salaam kutoka Lira. Mmeongea gliserini, jeli, draya, na hakuna aliyetaja moo yao, yaani mafuta ya shea. Shea ya kwetu kaskazini, Lango, Acholi mpaka West Nile, si ile ngumu ya Afrika Magharibi. Mti wetu ni wa jamii ya nilotica, mafuta yake yana asidi ya oleiki nyingi zaidi, ndiyo maana ni laini na kwenye joto la mchana huanza kuyeyuka yenyewe ndani ya kopo. Paka nywele zikiwa na maji, ziba maji yasitoke, basi. Bibi zetu hawakuwa na dimethikoni, hiyo silikoni ya dukani.

Namna ya kuichagua: ichukue kidogo, isugue katikati ya vidole. Iyeyuke bila chengachenga. Rangi iwe ya maziwa mpaka manjano hafifu. Harufu ya moshi si ubovu, inatokana na kokwa kukaangwa kabla ya kusagwa. Harufu ya kuchacha, ile inayokwaruza kooni, hiyo ndiyo uiache sokoni.

Na ikifanya chenga nyumbani usiitupe. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka yote iyeyuke kabisa, kisha ipoze haraka kwenye friji au kwenye maji baridi huku ukikoroga. Chenga zinakuja pale inapopoa polepole, kwa sababu mafuta yaliyomo hayagandi kwa joto moja; yale magumu yanatangulia na kujikusanya peke yake.

#6 NunuKisenyi
@LangoAsili maelezo ya chenga ni dhahabu, asante. Ila hapo kwenye "basi" ndugu yangu umeruka. Shea inakaa juu ya unywele. Inapunguza msuguano, inapunguza maji kutoka, lakini haishiki umbo. Mtu wa nywele nyembamba akiipaka kwa kiasi cha kaskazini, ifikapo jioni nywele zimelala shinani na kutimka nchani, yaani amepata mabaya ya pande zote mbili. Kwa nywele nyembamba, kiasi cha punje ya hindi kinatosha kichwa kizima, tena nchani tu.

Mafuta yanayoingia ndani ya unywele ni ya nazi, kwa sababu asidi ya lauriki ina mnyororo mfupi na ulionyooka. Uchunguzi wa Rele na Mohile uliotoka mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na ya madini, na ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza sana protini inayopotea wakati wa kuosha. Lakini tazameni wakati wake: yanafaa zaidi yakipakwa KABLA ya kuosha. Vijiko viwili vya mezani, usiku wa kuamkia siku ya kuosha au saa chache kabla, halafu shampuu. Anayeyapaka juu ya kila kitu asubuhi hapati faida yote hiyo.

#7 TurkuBombo
Na kwa walio Kabale msishangae mafuta ya nazi kuwa jiwe asubuhi. Chini ya nyuzi 24 hivi huganda. Weka chupa kwenye maji ya moto, usiipeleke jikoni kwenye moto wenyewe.

#8 MorotoKavu
Naona uzi wote uko ziwani. Huku Karamoja kiangazi kikipamba moto hewa haina maji kabisa, na nywele zinatimka vilevile. Binti, nadharia yako inasemaje hapo? Gliserini haina cha kuvuta hewani, kwa hiyo inayavuta yaliyomo ndani ya unywele na kuyatoa nje. Kote kuwili imeshindwa.

#9 BintiEntebbe
Ndiyo kwanza inanipa nguvu! Hewa ikiwa na maji mengi mno gliserini inavimbisha, ikiwa kavu mno inakausha. Mahali pake ni pa katikati, Mbarara hivi, au Kampala ya Julai.

#10 MkemiaKira
Polepole jamani. Moroto kutimka kwake ni kwa aina nyingine. Hewa kavu huleta umeme tuli: ukipitisha chanuo la plastiki, nywele zinasukumana, zinasimama zikiwa zimenyooka. Za Entebbe zinatimka zikiwa zimejikunja na kuvimba. Ziangalieni kabla ya kununua chochote. Za umeme tuli zinatulia ukipitisha kiganja chenye kondishena kidogo, kwa sababu kondishena ina viambato vyenye chaji chanya vinavyokaa juu ya unywele wenye chaji hasi. Za Entebbe ukizipitishia kiganja zinarudi palepale.

Kwa Moroto: chanuo la mbao au la pembe, kondishena ya kuacha kichwani, na ukitaka gliserini ipake juu ya nywele zilizolowa kisha uzibe kwa shea au vaselini. Pasipo kuziba, hoja ya #8 inasimama.

#11 MamaRukia_Jinja
Wanangu, mnapita juu ya jambo kubwa. Mnaoshea nini? Nyumba ngapi zinaosha nywele za watoto kwa sabuni ya mche, ileile ya kufulia? pH (kipimo cha asidi) ya sabuni ya mche ni 9 mpaka 10 na zaidi. Unywele unatulia kwenye asidi kidogo, pH 4 hadi 5. Ukiupandisha hadi 10 unavimba, magamba yananyanyuka yote, kisha mnakuja kulaumu gliserini. Na wapo wanaochanganya magadi wakisema yanatakasa. Magadi ni makali kuliko hata hiyo sabuni.

Oshea shampuu. Huna shampuu na lazima utumie mche, basi malizia na maji ya siki: kijiko kimoja cha mezani cha siki nyeupe kwa lita moja ya maji. Mwagia, hesabu mpaka sitini, suuza. Magamba yanarudi chini, na unywele unateleza mkononi papo hapo.

#12 KijanaNtinda
Shikamoo Mama Rukia. Mie nakamulia ndimu moja kwa moja, si ni asidi hiyohiyo?

#13 MamaRukia_Jinja
Marahaba mwanangu. Si hiyohiyo! Ndimu tupu ni pH 2 hivi, inachoma ngozi ya kichwa iliyokwaruzwa. Na ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani, unaweza kuungua paji la uso na shingo, ukabaki na madoa meusi ya wiki nyingi. Kama huna siki, juisi ya ndimu kijiko cha mezani katika lita, halafu suuza sana. Usitoke nayo kichwani.

#14 FundiPampu
Mama ana haki, ila anayetumia sabuni kwenye maji magumu ana matatizo mawili. Kalsiamu na magnesiamu vikikutana na sabuni vinafanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaouona pembeni ya beseni. Utando huo unakaa kwenye nywele. Zinakuwa nzito, zinakwaruza, hazipokei kondishena, na zikikauka zinatimka. Wakazi wengi wa nje ya miji wanaoshea maji ya kisima cha pampu na hawajui.

Jipimie: chupa ya nusu lita, jaza maji robo tatu, kwangua sabuni ya mche kiasi cha ukucha, tikisa kwa nguvu. Povu likipanda na maji chini yakabaki karibu safi, maji ni laini. Povu likiwa haba na maji yakawa kama maziwa, ni magumu. Birika nalo linasema, likiwa na gamba jeupe ndani.

Dawa yake ni maji ya mvua. Hayana chokaa. Acha mvua ioshe bati kwanza dakika kumi, ndipo ukinge. Usipokuwa nayo, tafuta shampuu yenye EDTA, hiyo inayanyakua madini. Mara moja kwa mwezi inatosha.

#15 NunuKisenyi
@FundiPampu nakubali kwa wa visimani. Kwa Kampala na Entebbe hoja hii haifiki, maji ya bomba yanatoka ziwani na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Kwa hiyo Binti bado anadai jibu lake.

#16 FundiPampu
Nnyabo, Kampala siyo bomba tupu. Kuna mitaa mizima inayoteka chemchemi na visima bomba likikatika. Mtu anaosha kwa maji mawili tofauti mwezi mmoja, halafu anasema shampuu imebadilishwa kiwandani.

#17 SalamaArua
Naomba niwarudishe kwenye silikoni maana LangoAsili ameitaja kwa dharau. Kwa unyevu wa ziwani, dimethikoni ndiyo inayofanya kazi kuliko mafuta yoyote ya asili. Inatandaza utando mwembamba, inapunguza maji ya hewani kuingia, inateleza. Inavyosemwa kwamba "inaua nywele" si kweli. Shida yake ni kujijenga: dimethikoni ya kawaida haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ukiosha kwa kondishena tupu wiki nyingi, inabaki. Unaiondoa kwa shampuu ya kawaida. Kuna zilizoandikwa PEG kabla ya jina, mfano PEG-12 dimethikoni. Hizo zinatoka na maji. Na kuna amodimethikoni, inayokwenda kushika zaidi pale palipoharibika.

Kiasi: serumu, matone mawili kwa nywele za mabegani, matatu au manne kwa nyingi. Nywele ziwe mbichi. Ukiipaka kavu inaganda sehemu moja.

#18 LangoAsili
Dada Salama wa kutoka kwa jirani zangu, hata wewe! Arua mna shea mlangoni mnakimbilia mafuta ya maabara. Jibu hili: unywele uliofungwa na silikoni unapokeaje maji siku ya kuosha?

#19 SalamaArua
Kaka Lango, unapokea vizuri, utando haujaziba kama rangi ya ukuta, una nafasi. Na shea yako nayo, ikipakwa kila siku mwezi mzima bila shampuu, inajijenga zaidi. Chukua kitambaa cheupe ufute shina la nywele za mtu wa shea bila kuosha, uone rangi itakayotoka. Kila kinachoziba lazima kioshwe.

#20 MsusiWandegeya
Hapo namuunga mkono Salama. Na niongeze kitu kinachowachanganya wateja: neno "alkoholi" kwenye chupa. Setili alkoholi na setearili alkoholi ni za mafuta, zinalainisha, msizikimbie. Za kukimbia ni alkoholi denati na isopropili zikiwa juu kwenye orodha, zipo sana kwenye jeli za bei ya chini na spreya za kushikilia mtindo. Zinakausha. Na "behentrimoniamu methosalfati" si salfeti ya kuosha hata kama jina linatisha, ni kilainishi cha kondishena, tena kizuri. Watu wanarudisha bidhaa bora dukani kwa sababu ya herufi.

#21 HawaMasindi
Nyote mnadhani kutimka ni kwa aina moja tu, unyevu. Nywele nyingi zinazosimama juu ya kichwa ni zilizokatika. Toa unywele mmoja mfupi, uweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Ncha ikichongoka na kufifia, ni unywele mpya unaoota, una kila sababu ya kusimama na hakuna bidhaa ya kuutibu, subiri urefuke. Ncha ikiwa butu, umekatika. Kisha tazama urefu wake: ukiona kidoti cheupe katikati, hapo ndipo utakapokatika tena. Ukiukunja mahali pa kidoti unavunjika kwa sauti ndogo.

Kwa walioweka dawa, tazameni mpaka wa nywele mpya na zenye dawa. Hapo ndipo pa kukatika. Kuna dawa za soda kali na kuna zinazouzwa kwa boksi lenye krimu ya kalsiamu haidroksaidi na chupa ndogo ya guanidini. Hizi za pili wanaziita za upole kwa kuwa haziwashi sana kichwani, ila zinaacha kalsiamu kwenye unywele, na unakuwa mkavu usiong'aa. Kutimka kwake kunafanana na kwa maji magumu ya FundiPampu, na dawa yake ni ileile ya EDTA. Bidhaa za unyevu hazigusi kalsiamu.

Na zote hizo zikirudiwa juu ya nywele ambazo tayari zina dawa, gliserini ndilo jambo dogo kuliko yote. Dawa inapakwa kwenye mizizi mipya tu, sehemu nyingine ikingwe kwa vaselini au kondishena.

#22 BintiEntebbe
@HawaMasindi hii ya karatasi nyeupe nimeipenda. Lakini zilizokatika zinaeleza kwa nini zinatimka daima. Haielezi kwa nini asubuhi zilitulia na mchana zimetimka. Kinachobadilika ndani ya siku moja ni hewa.

#23 HawaMasindi
Kinachobadilika ni jeli kuishiwa nguvu. Zile fupi zilikuwa zimelazwa, jeli ikavuta maji ya hewani, ikalainika, zikaamka. Tuko karibu nyumba moja, tumepishana mlango tu.

#24 KijanaNtinda
Basi jeli ipi isiyolainika? Na isiwe ya kupeperusha unga mweupe mabegani tafadhali, nakwenda ofisini.

#25 NunuKisenyi
Unga mweupe unatokana na vitu viwili visivyoelewana, jeli na liv-in. Changanya matone ya kila moja kiganjani, sugua kwa kidole. Yakibaki laini yanaelewana. Yakikatika vipandevipande vyeupe, yatakatika hivyohivyo kichwani. Fanya hivyo kabla hujapaka.

Kwa unyevu mwingi tafuta yenye polikwaterniamu, kiambato cha kushikilia mtindo. Kingine, PVP, peke yake hunyonya maji ya hewani na kunata. Ukitaka ya nyumbani, mbegu za kitani robo kikombe kwa vikombe viwili vya maji, chemsha ukikoroga dakika 7 hadi 10. Ikianza kuvutika nyuzi kutoka kwenye kijiko, epua, chuja ikiwa bado moto kwa soksi ndefu ya nailoni iliyo safi. Ikipoa haichujiki. Bamia nazo zinafaa: nane, zikatwe vipande, maji vikombe viwili, dakika 10 hadi 15. Hazina kihifadhi, kwa hiyo ni friji na ni wiki moja. Ikinukia uchachu, mwaga.

Hizi za nyumbani hazihimili mvua kama za dukani. Nasema mapema ili mtu asije kunidai.

#26 TurkuBombo
Mpaka hapa nimehesabu washtakiwa: gliserini, mikono, sabuni, maji, dawa, jeli. Bado taulo, foronya na mume.

#27 MsusiWandegeya
😂 Taulo na foronya ni kweli kabisa kaka. Taulo la vitanzi linakwangua magamba. Tumia fulana ya pamba iliyochakaa, kandamiza, usisugue. Usiku kilemba cha satini. Mume mtafutie uzi wake.

#28 MkundiKasese
Kuna wanaokata mzizi wa fitina kwa keratini ya saluni, ile ya kunyoosha nywele kwa pasi. Muulizeni msusi anachoweka. Bidhaa nyingi za aina hii zina formalini, au methilini glikoli ambayo ikipata joto la pasi inatoa gesi ya fomaldehaidi. Chupa inaweza kuandikwa "bila fomaldehaidi" na bado ina methilini glikoli. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, lilitangaza mwaka 2004 kwamba fomaldehaidi husababisha saratani kwa binadamu. Macho yakianza kuwasha na kutoa machozi pasi inapopita, toka nje. Anayedhurika zaidi ni msusi anayevuta hewa hiyo kila siku kwenye chumba kisicho na dirisha.

Za asidi ya glioksiliki nazo zinanyoosha, na zinaweza kufifisha rangi ya nywele zilizowekwa rangi. Hakuna ya bure hapo.

#29 SalamaArua
Na pasi yenyewe: nyuzi 150 kwa nywele nyembamba au zilizoharibika, 180 kwa nzito. Wengi wanaanzia 230 kwa sababu ndiyo namba ya mwisho kwenye kifaa. Pasi isiguse nywele mbichi. Ukisikia inachoma na mvuke unatoka, maji yamechemka ndani ya unywele na kutoboa mapovu, sehemu hiyo itakatika. Dawa ya kukinga nywele na joto ipakwe, ikauke, ndipo pasi.

#30 MorotoKavu
Kuhusu kununua, hakuna aliyesema bidhaa za kuzimuliwa. Kopo lililofunguliwa likajazwa tena lipo. Angalieni lakiri chini ya mfuniko, alama ya ubora ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), tarehe, na ule mchoro wa kopo lililo wazi wenye 6M au 12M, ndiyo miezi ya kutumia baada ya kufungua. Krimu iliyojitenga mafuta juu na maji chini, usiitikise ukaitumia. Irudishe.

#31 MamaRukia_Jinja
Na wale wa shule za bweni walionyolewa wasisahauliwe. Nywele fupi za sentimita mbili tatu hazihitaji nusu ya haya. Shampuu mara moja kwa wiki, kondishena, shea punje ya hindi kwenye nywele mbichi, brashi laini. Gliserini kwao haina madhara, hakuna vijikamba vya kuachana.

#32 MkemiaKira
Napendekeza wapenda ubishi mpime badala ya kubishana. Gawa kichwa katikati. Shampuu moja, maji mamoja, jeli moja kwa kiasi kilekile, mtu yuleyule apake. Kulia liv-in yenye gliserini juu ya orodha, kushoto isiyo nayo. Kausha kabisa. Piga picha saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, mahali palepale, kwa mwanga wa dirisha. Wiki ifuatayo badilisha upande, kwa sababu upande unaolalia hutimka zaidi. Binti afanye Entebbe, MorotoKavu afanye kwake.

#33 BintiEntebbe
Nafanya. Lakini niongezee upande wa tatu, jeli bila liv-in yoyote, maana Hawa atasema ni jeli.

#34 HawaMasindi
Nitasema, ndiyo. Na hesabu nywele butu kwenye karatasi kwa kila upande kabla hujaanza, dada. Upande wenye zilizokatika nyingi utashindwa hata ukipakwa nini.

#35 FundiPampu
Na useme ni maji ya bomba au ya kisima.